Fundi wa Kitu Kisichoshikika

Katika kazi za wanadamu zimo zinazojieleza zenyewe bila ya mwenyewe kufungua kinywa: seremala humwonyesha mgeni mlango aliouchonga, mvuvi hutua tenga lake mchangani na samaki wakamsemea, na mshona kanzu hukaa barazani akaiona kazi yake ikipita juu ya mabega ya watu waendao kusali Ijumaa. Mimi Mola hakunijaalia kazi ya namna hiyo. Kazi yangu ni kuandika amri ambazo aghalabu hapana binadamu atakayezisoma, zikafuatwa na chombo kisichokuwa na akili, ili litokee jambo ambalo likienda sawa hapana atambuaye kuwa limetokea, na likienda kombo hutafutwa mimi hata nikiwa mazikoni. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliishi mpaka akaniona nimeoa na kuzaa, na siku zote alipoulizwa na wenziwe mjukuu wake anafanya kazi gani, alijibu kwa utulivu kwamba mjukuu wake hutazama televisheni, na kwamba, kwa rehema za Mungu, wako watu wanaomlipa kwa hilo.

Asili ya mambo yote haya ni mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi Muscat katika miaka ya 1980, na ambaye kila alipokuja Unguja kwa likizo alikuja na masanduku yenye mablanketi, manukato na redio, kila kitu na mwenyewe. Safari moja, katika fungu langu, kilitoka chombo kilichofanana na taipureta iliyokatwa kichwa: kibodi tupu yenye herufi za Kizungu na za Kiarabu, na waya wa kukiunga na televisheni. Kiliitwa Sakhr, mali ya kampuni ya Kuwait iliyoasisiwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh, bwana ambaye alizichukua kompyuta za mtindo wa MSX, uliotangazwa Japani mwaka 1983, akazifunza Kiarabu. Kumbukumbu yote ya chombo hicho haikuzidi kilobaiti 64, kiasi ambacho leo hakitoshi kuhifadhi hata picha moja ya biriani ipigwayo kwa simu kabla watu hawajanawa mikono.

Kuingia kwake nchini hakukukosa tashwishi. Ng'ambo ya pili ya mkondo, Tanzania Bara, kuingiza kompyuta na televisheni kulikuwa kumepigwa marufuku tangu mwaka 1974, baada ya kompyuta iliyowekwa Wizara ya Fedha kuleta hasara na hesabu zisizokwisha, na marufuku hiyo haikuondoshwa mpaka mwaka 1993. Sisi Unguja tulikuwa na televisheni yetu ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ama kompyuta, mjomba hakuwa na hakika sheria yasemaje, wala hakuona busara kumwuliza mtu aliyevaa sare. Bwana forodha alikigeuza chombo juu chini, akauliza hiki ni kitu gani. Mjomba akajibu kwamba ni taipureta ya Kiarabu. Bwana forodha akauliza karatasi hupita wapi. Mjomba, bila ya kupepesa jicho, akamwambia kwamba karatasi zake zinakuja kwa meli. Chombo kikapigwa chaki, kikapita. Na tangu siku ile nimeshuhudia mara nyingi, katika vyumba vyenye meza ndefu na maua ya plastiki, kompyuta zikielezwa kwa wakubwa kwa njia hiyo hiyo, na wakubwa wakaridhika kwa sababu hiyo hiyo.

Mashaka yalikuwa katika kitabu cha maelezo, ambacho kiliandikwa kwa Kiarabu kitupu, bila ya irabu. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha vuka Juzuu Amma, nazijua herufi zote kwa majina na kwa matamshi, lakini maana ya neno hata moja siijui. Basi nikawa nakaa barazani baada ya alasiri nikikisoma kitabu kile kwa sauti, irabu nikizikisia, na kwa mahadhi yale yale niliyoyazoea chuoni, kwa kuwa sikujua kwamba Kiarabu kinaweza kusomwa kwa njia nyingine. Bibi alinisikia kutoka jikoni. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akaja na kipande cha halua akanitilia mkononi, na kwa siku kadhaa sura ya kuunga waya wa televisheni ikaniletea halua bila ya kukatika.

Neema ile ilikoma siku Maalim wetu wa chuoni alipopita mtaani akasimama. Alisikiliza kidogo, akakunja uso, akaniuliza ni sura gani hiyo nisomayo na nani aliyenifundisha kuvuta madda mahali pale. Nikampa kitabu kwa mikono miwili. Alikitazama jalada, akaiona picha ya chombo, akakohoa, akavaa miwani yake, kisha kwa taadhima ileile aliyokuwa akifasiria hadithi akasema: "Hapa panasema, usikiweke chombo hiki karibu na maji, wala usikifunike kinapowaka." Bibi, aliyekuwa amekifunika chombo kwa kitambaa alichokitarizi kwa mkono wake, alitoka mbio kwenda kukifunua, akiamini kwamba amri imetoka mahali pakubwa.

Maalim hakuondoka tena. Kila siku baada ya darasa alikuja, akakaa juu ya mkeka, akanifasiria kurasa mbili tatu, ingawa mengi aliyoyafasiri hatukuyaelewa, yeye wala mimi. Lakini tulipofika kwenye amri ya masharti, ile isemayo ikiwa jambo fulani ni kweli basi na lifanyike jambo fulani, Maalim alijipiga paja kwa furaha. "Hii ni sharti na jawabu la sharti," akasema, "nahau tupu! Hawa Wajapani hawakuzua kitu." Nimesomeshwa jambo hilo baadaye na watu wenye shahada kubwa, kwa muhula mzima na kwa ubao uliojaa mishale, wala hapana aliyelieleza vyema zaidi. Programu yangu ya kwanza ilimwuliza mtu jina lake, na akisha kuliandika, ikampa shikamoo. Maalim aliandika jina lake kwa kidole kimoja, akapewa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti kubwa, kisha akatazama huku na huko kuona kama yuko aliyemsikia.

Chombo kile hakikuwa na pa kuwekea kazi ya mtu. Ukikizima kilisahau kila kitu papo hapo, na njia ya kuiokoa programu ilikuwa ni kuitia katika kaseti ya kawaida, ambamo iligeuka kuwa sauti, mlio mwembamba wenye mikwaruzo usiokuwa na mwanzo wala mwisho. Siku ya Idi, shangazi yangu, mpenzi wa taarabu asiye na kifani, alikuja nyumbani na mashoga zake, akatia mkono katika kasha la kaseti, akaitoa yangu, akaipachika, akafungulia sauti mpaka mwisho, akakaa kitako na kufumba macho kuingojea fidla. Kilichotoka kiliwainua wote kwa pamoja, na shoga mmoja alifika uani na kiatu kimoja. Shangazi alitoa hukumu kwamba huyo ni pepo, tena si wa hapa, maana wa hapa husikika anachotaka. Bibi akaleta chetezo, na kaseti yangu ikafukizwa ubani mpaka ikanukia. La ajabu ni kwamba baada ya hapo ilisomeka vizuri kuliko kaseti zangu zote.

Bibi huyo huyo ndiye mtaalamu wa kwanza niliyemfahamu katika fani hii. Chombo kilishikwa na maradhi ya kuzimika ghafla wakati wa mchana, na kazi yangu yote ikipotea pamoja nacho. Aliitwa fundi wa redio wa Darajani, akakifungua, akakitazama ndani kwa huzuni, akakifunga, akasema ni joto, akalipwa. Maradhi yakabaki pale pale. Bibi, aliyekuwa ukumbini akichambua mchele wala hakuulizwa na mtu, akasema: "Mwanangu, hicho hakiumwi. Kila kinapozimika, mimi husikia friza ya jirani ikinguruma." Jirani yetu alikuwa akiuza barafu za ukwaju, na friza yake ilipoamka iliuvuta umeme mdogo wa mtaa mzima kwa wakati mmoja. Tangu hapo nikawa nafanya kazi usiku, wateja wa barafu wakiwa wamelala. Fundi alilipwa kwa kukosea na bibi hakulipwa kwa kupatia; na kanuni hiyo, kama msomaji atakavyoona, imenifuata maisha yangu yote, mpaka ikawa ndiyo riziki yangu.

Masomo ya skuli na ya chuo kikuu nayapita upesi, kwa kuwa hayana kichekesho isipokuwa ada zake. Nilivuka kwenda Dar es Salaam, nikarudi na shahada, ambayo kwa jamaa na majirani ilifahamika kuwa ni shahada ya kila kitu kinachotiwa katika soketi. Nikaletewa pasi, feni, saa za ukutani, na jirani wa barafu akaniletea ile friza.

Niliajiriwa katika ofisi moja ya Mji Mkongwe iliyokuwa na kompyuta mbili, zikikaa katika chumba chao chenye zulia, mapazia na kiyoyozi, ilhali mkurugenzi mwenyewe akijipepea kwa jalada la faili. Mlangoni palibandikwa tangazo la kuvua viatu, kwa hoja kwamba vumbi ni adui wa mashine, na kwa hivyo kila mtumishi aliyehisi joto alikuja kutuuliza swali, akavua viatu vyake kwa adabu, akakaa. Siku moja niliingia humo na viatu vipya vya ngozi, na nilipotoka nikakuta makubadhi mawili, yote ya mguu wa kushoto. Nilihudhuria mkutano wa mkurugenzi nikiwa ndani ya makubadhi hayo, nikitembea upande upande kama aliye njiani kuomba ruhusa ya ugonjwa. Na jamaa aliyeondoka na viatu vyangu hajaja kuniuliza swali jingine mpaka leo.

Kisha ikaja neema ya mwaka 1999. Ulimwengu mzima ulitiwa hofu kwamba kompyuta, ambazo waandishi wa programu wa zamani, kwa kubana nafasi iliyokuwa ghali, walizizoeza kuandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, zitakapofika 00 zitadhani zimerudi mwaka 1900, na mishahara, madeni na pencheni vyote vitavurugika. Mkurugenzi alisikia redioni kwamba ndege zitaanguka. Nilizikagua programu zetu mstari kwa mstari, nikazirekebisha, nikampa habari kwamba zimetengenea. Pamoja na hayo akaniamuru nilale ofisini usiku wa kuamkia mwaka 2000, ili kama ni kuharibika, ziharibike mbele ya mtaalamu.

Usiku ule wa Ijumaa uliangukia katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1420. Baada ya tarawehe nilikwenda ofisini na chupa ya kahawa, nikakaa na mlinzi wetu, mzee wa makamo ya babu yangu, naye akaniuliza ninangoja nini. Nikamweleza habari yote. Akafikiri kitambo. "Mjukuu wangu," akasema, "siku huanza magharibi. Kama ni kuharibika, zimekwisha haribika tangu tulipofuturu. Na mwaka wenyewe, sisi tumo katika elfu moja mia nne na ishirini." Sikuwa na jawabu la hoja hizo mbili. Saa sita ya usiku ilipogonga, 99 ikawa 00 bila ya fujo, kompyuta zikaendelea na shughuli zao, nasi tukala daku.

Msiba ulitokea Jumatatu, nao haukutoka katika kompyuta. Mshika fedha alikuja kwangu akiwa na muhuri wa tarehe mkononi: ukanda wake wa miaka ulikuwa umeishia 1999, hauna mbele pa kuzungukia, na vitabu vya stakabadhi, vilivyopigwa chapa kwa wingi ili kuokoa gharama, vilikuwa vimetangulizwa tarakimu 19 mahali pa mwaka. Foleni ya walipaji ikafika ngazini. Mkurugenzi aliniita, akaniambia: "Si wewe ndiye mtaalamu wa elfu mbili?" Ulimwengu ulitumia mabilioni ya dola kwa ajili ya siku ile, sisi tulitumia wembe mmoja na gundi, na jasho langu.

Baada ya hapo niliandikishwa na wenye boti moja ya abiria, wanaovusha watu baina ya Unguja na Dar es Salaam, niwatengenezee programu ya kukatia tiketi. Boti yao iliondoka saa moja asubuhi, na makarani wa dirishani, kama afanyavyo kila mwenye akili timamu katika pwani hii, waliandika 1:00. Wenyeji waliisoma tiketi wakaja saa moja asubuhi. Watalii waliisoma tiketi ile ile wakaja bandarini saa saba ya usiku, na mabegi yao, wakakaa juu ya ngazi za lango mpaka alfajiri wakiumwa na mbu. Mwenye boti akaamuru ifuatwe saa ya ulimwengu, iandikwe 07:00. Watalii wakaja kwa wakati, wakapanda, wakakaa kwa nafasi, maana wenyeji walikuja saa saba ya mchana, wakati boti imekwisha fika Dar es Salaam na kushusha. Vikafanyika vikao. Mtu mmoja alipendekeza boti iondoke saa nyingine. Katika kikao cha mwisho karani mmoja wa dirishani, aliyeitwa kuja kueleza kwa nini tiketi zake hazina malalamiko, alitoa kalamu mfukoni akaonyesha: kila tiketi aliyoikata yeye alikuwa akiiandika pembeni, kwa wino, "saa 1 asubuhi". Nikaitia programu ichape saa zote mbili, nikalipwa. Karani alirudi dirishani kwake.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba elimu yangu ilikuwa imekomaa, nami nikajitangaza kuwa mshauri mwelekezi. Baina ya fundi na mshauri mwelekezi tofauti si ndogo. Fundi huja na bisibisi, akanywa chai wima. Mshauri huja na mkoba, akawekewa korosho na maji ya chupa. Fundi huulizwa atamaliza lini, na mshauri huulizwa ataanza lini. Fundi akishindwa husemwa hajui kazi. Mshauri akishindwa hupendekeza awamu ya pili.

Katika shughuli zangu zote za ushauri nitaitaja moja, maana zilizobaki zinafanana nayo. Taasisi moja iliyokuwa ikiwakopesha akina mama wa shamba ilinunua programu kutoka ng'ambo, yenye kisanduku kimoja cha jina la mtu na kisanduku kimoja cha jina la ukoo. Sasa katika kisiwa ambacho mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na ambacho ukisimama sokoni ukamwita Asha Juma huitikiwa na nusu ya soko, programu hiyo ilifanya kama ilivyofunzwa: kina Asha Juma wote ikawafanya mtu mmoja. Mama mmoja wa Paje, mkulima wa mwani, ambaye katika maisha yake hajapata kupanda chombo cha moto isipokuwa daladala, aliletewa barua ya kudaiwa pikipiki. Mwenye pikipiki, kwa upande wake, alipewa pongezi kwa kulipa mkopo wa kamba na mambo za mwani.

Siku ya kwanza nilikaa na karani wa mikopo, dada mmoja mpole, nikamwuliza shida iko wapi. Akanitilia chai, akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari kubwa lililofunikwa kwa gazeti. Ndani yake, kwa mwandiko safi, mlikuwa na kila mkopaji kwa majina matatu, mtaa wake, na lakabu yake: Asha Juma wa Paje, mama wa mapacha, Asha Juma wa pili, mke wa fundi baiskeli, Asha Juma aliyerudi kutoka Pemba. "Kaka," akaniambia, "ingekuwa na mahali pa jina la babu na pa lakabu, mimi daftari hili ningelichoma." Chai ilikuwa bado ya moto, na kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Lakini mkataba ulikuwa wa wiki nyingi, wala si adabu kumaliza mapema kazi uliyopewa kwa heshima. Nikaitisha warsha, nikagawa madodoso, nikachora michoro yenye mishale iendayo na irudiyo, na mwisho nikaandika ripoti nzito ambayo pendekezo lake kuu lilikuwa kuongeza mahali pa jina la babu na pa lakabu. Iliwasilishwa katika ukumbi wa hoteli. Wakurugenzi walipiga makofi, na mmoja wao akaniuliza kwa mshangao nimeligunduaje jambo lenye kina namna ile. Karani hakuwa ukumbini, kwa kuwa siku hiyo alibaki ofisini akiwapokea kina Asha Juma. Jina lake nililiandika katika ukurasa wa shukrani, ukurasa ambao, kwa uzoefu wangu, huwafikia wakurugenzi ukiwa mpya na kubaki mpya daima.

Basi, ndugu msomaji, kama una ofisi, duka au boti, na mashine yako imekataa kukusikiliza, kabla hujaniandikia barua ya mwaliko, vuta kiti ukae karibu na mtu anayeitumia mashine hiyo kutwa, umwulize kwa upole anafanyaje anapokwama, kisha umwombe akufungulie mtoto wa meza. Ukilipata daftari, mwongeze mshahara, nawe utakuwa umetumia fedha ndogo kuliko gharama ya korosho zangu. Ukiona tabu kumwuliza, kwa kuwa yeye ni mdogo nawe ni mkubwa, basi niite mimi: nitakuja, nitamwuliza mimi, na hati ya madai nitakuletea mwenyewe kwa mkono wangu.